Ugwe Ndani ya Mkia

Machi, na theluji bado imeuegemea mlango wa karakana
kama mgeni asiyejua kuaga.
Glaida imelala juu ya viunzi, mabawa yake yako nje kwenye tela.
Skirmantė amezama tumboni mwake hadi kiunoni;
kinachoonekana ni soksi mbili, moja ya kijani, moja ya kijivu.
“Vytenis,” soksi zasema, “mwanga.”

Ndege hii haina injini, haina cha kunguruma.
Inachokunywa angani ni kile ilichobeba toka ardhini:
betri moja nyuma ya kichwa cha rubani,
nzito kama mkate mweusi uliokataa kuumuka.
Kiungo kilicholegea ni mdomo unaoiba.

Sheria zake huniingia kichwani na mizani yake,
ingawa yeye huzitema tu, skrubu zikiwa kati ya meno:

Fyuzi ikae jirani
na betri, si huko mbele;
chanya na hasi, wandani,
wasokote kama nywele:
sumaku izimwe ndani,
dira isizue ndwele.

Kebo ya antena, chonde,
usiikunje kwa nguvu;
kona yake iwe konde,
sauti isiwe mbovu.

Mwili wa ndege ni kaboni, na kaboni haipitishi neno.
Kuweka antena humo
ni kumwita mtu ukiwa ndani ya chungu kilichofunikwa.
Pezi la mkia peke yake ni la nyuzi za kioo;
humo antena husimama wima, mita tano kutoka redioni,
na katikati kuna bomba linalosinyaa
hadi upana wa mkono wangu,
ambamo fito za usukani huenda na kurudi.
Kebo ikining’inia humo, itamkamata rubani miguu.

Jumanne nilivuta kebo ya zamani.
Shaba yake ilikuwa imeota ukijani.
Ilikuja kirahisi mno. Nikaikunja kwa maringo, duara juu ya duara.
“Mwisho wake ulifunga nini?” akauliza Skirmantė.
Sikuwa nimefunga kitu.
Hakunigombeza. Aliinjika birika.
Afadhali angenigombeza.

Siku mbili tukavua gizani:
waya mgumu, sumaku ya friji,
uzi wa cherehani ukifyonzwa na mashine ya vumbi
iliyolia hadi mbwa wa jirani akajibu.
Hakuna.

Siku ya tatu, kwa kioo cha daktari wa meno
na tochi niliyoibana kwapani,
niliona mstari usio kivuli.
Ugwe wa kuvulia samaki, umegandishwa ukutani
kwa matone ya gundi, tone kila shubiri,
na penye ncha, karatasi ndani ya utepe wa nta:
*Iko hapa. Usiivute bila kufunga nyingine.
J., Februari 1991.*

Daftari la ndege lina akina J. watatu.
Skirmantė aliisoma mara mbili, akairudisha kwenye utepe wake.
“Huyu,” akasema, “alikuwa na mwanagenzi.”

Tukaipaka kebo unga wa watoto.
Yeye akasukuma, mimi nikavuta,
na nyuma ya kebo ukafuata ugwe mpya, mwekundu,
ambao haujui utangoja nani.
Risasi ikayeyuka, ikang’aa, ikatulia.

Mei, Rimgaudas alikuwa mita elfu moja mia sita juu ya mto Nemunas.
Zamani, kila alipobonyeza kitufe aseme,
sindano ya variometa iliruka, ikidhani amepaa.
Leo imekaa kimya kama paka juu ya jiko.
Tulisimama nyasini, redio mkononi,
tukingoja la maana.

“Nani,” sauti ikauliza, safi kama yuko jikoni,
“nani ameacha lango la ng’ombe wazi?”

Tukatimua mbio.